Picha Zilizokatwa Muyinga

Mimi nilikuwa wa gazeti la Kifaransa, dada yangu alikuwa wa gazeti la Wahindi, na hatukuwahi kupatana. Hayo ndiyo magazeti ya sinema yaliyotufikia Gitega miaka ile ya vita. La Kifaransa tuliazimwa na mama mmoja Mkongo wa Uvira aliyeuza vitenge sokoni. Lilikuwa jembamba, picha zake nyeusi na nyeupe, lakini lilisimulia filamu nzima tangu mwanzo hadi mwisho. La Wahindi lilitoka Tanzania kupitia Muyinga, mji wa karibu na mpaka. Hilo lilikuwa na rangi mpaka macho yanauma, na limeandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo nyumbani kwetu, mtaa wa Musinzira, hakuna aliyeijua hata ya kuombea maji.

"Yako iko na maneno mingi," dada alizoea kuniambia. "Unasoma, unasoma, kwa mwisho bwana anakufa. Sasa umepata nini?"

"Nimejua."

"Mi sitaki kujua. Mi nataka kuona."

Kisha alilifungua la kwake juu ya mkeka, akaweka kidole kwenye picha na kuanza kubuni: huyu ni mkwe mwenye roho mbaya, huyu amerudi kutoka safari, hawa wataoana kesho. Nilimcheka, nikamwita mwongo, huku nikisogea karibu nisikie vizuri. Chumba cha video cha mtaani kilikuwa kimefungwa, na watu waliingia ndani mapema. Sinema tuliyobaki nayo ilikuwa sauti ya dada.

Ndipo akachumbiwa na fundi cherehani wa Muyinga. Mshenga alikuwa shangazi yetu. Wakati wa amani mchumba angekuja mwenyewe, akae, anywe chai, achunguzwe kuanzia viatu hadi kofia. Lakini sasa magari yalikwenda kwa msafara, askari mbele na nyuma, na hakuna aliyetaka mtu ahatarishe roho yake kwa sababu ya chai. Kwa hiyo fundi alituma zawadi kupitia madereva wa malori. Shangazi alikuwa amemdokeza kuhusu magazeti, naye akatuma la Wahindi, tena jipya kabisa.

Dada alilifungua mbele yangu. Lilikuwa na matundu. Picha zote nzuri zilikuwa zimekatwa kwa mkasi, zikabaki safu za Kiingereza na matangazo ya sabuni. Tukasema labda ni bahati mbaya. Lililofuata likaja vilevile.

Sisi ni watu wa mjini, tulijua mafundi wanavyofanya kazi. Mteja anachagua mtindo kwenye picha, fundi anaikata, anaibandika mbele ya cherehani ili aitazame anaposhona. Dada hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Wanawake wa Muyinga wanachagua kwanza," alisema. "Mi ananitumia makapi. Kama leo iko hivi, nikishaolewa je?"

Alilia siku ile, akamwambia mama kwamba hataki tena. Mama alimsihi asubiri. Nilimwonea dada huruma kweli, ingawa faida ilikuwa yangu: asipoolewa, angebaki na mimi.

Kwetu, kabla ya kutoa jibu, watu wa bibi arusi huenda kuiangalia nyumba. Shangazi ndiye aliyepaswa kwenda, lakini dada akataka niandamane naye.

"Enda uangalie ukuta ya duka yake," aliniambia. "Uone picha zangu ziko na nani. We hujuagi kunidanganya. Ukisema nikubali, nitakubali. Ukisema hapana, basi, imeisha."

Tulipanda lori katika msafara. Shangazi alivuta tasbihi njia nzima, nami niliitazama migongo ya askari mpaka tukaingia Muyinga.

Duka lilikuwa chumba kidogo. Ukutani hapakuwa na picha hata moja ya gazeti, ila kalenda ya zamani. Fundi alikuwa mwembamba, mwenye haya, uzi mdomoni, hajui mikono aiweke wapi. Shangazi alipoomba kuiona nyumba, alituongoza nyuma ya pazia, akafungua mlango wa chumba cha kulala, mwenyewe akabaki nje.

Kuta zote zilikuwa zimefunikwa kwa picha zile. Alizibandika kwa gundi ya unga wa muhogo, kingo zake zimelingana kama pindo la gauni, kuanzia kitandani hadi chini ya paa. Nilizitambua kwa maumbo ya matundu ya magazeti ya dada.

Mteja mmoja alikuwa ametufuata kwa udadisi. Alinyoosha kidole kwenye blauzi ya bluu. "Fundi, nishonee hii."

"Iyo haiko ya duka, mama," alijibu. "Iko ya nyumba."

Nikapata ujasiri. "Shemeji, sasa kwa nini ulimtumia dada karatasi zenye matundu?"

Alishangaa. "Tuligawana, basi. Mapicha atayakuta hapa. Maneno nilimutumia yeye, sababu mi sijui kusoma, na nyinyi watu wa Gitega mumesoma."

Shangazi alicheka mpaka akakaa kitandani. Mimi nilishindwa kucheka. Mtu huyu aliamini kwamba nusu bora ndiyo aliyomtumia mke wake mtarajiwa.

Juu ya kitanda palikuwa na nafasi moja tupu. "Pale niweke ya gazeti gani?" akaniuliza. "Ya Wahindi ao ya Kifaransa? Chagua we, shemeji, we ndo unamujua."

"Ya Wahindi," nikasema, mimi niliyelitetea la Kifaransa maisha yangu yote. Akatuomba tusimwambie dada, aone mwenyewe. Tukaahidi.

Tuliporudi Gitega, dada alikuwa akitungojea mlangoni. "Picha zangu ziko na nani?"

Ningesitasita tu, angebaki nyumbani. Nilijua hilo, na lilinichoma.

"Haziko na mwanamke yeyote," nilimwambia. "Kubali, dada."

Akaenda jikoni kumwambia mama.

Aliondoka kabla ya Ramadhani. Barabara ikaharibika tena, na miaka ikapita hatujaonana. Mama Mkongo aliendelea kuniazima la kwake, nikajua mwisho wa filamu nyingi. Lakini jioni nilikuwa natoa yale magazeti yenye matundu, aliyoyaacha chini ya mkeka, naweka kidole kwenye tundu na kujaribu kama yeye: huyu amerudi kutoka safari. Hapo nilikwama kila mara. Picha zilikuwa zake kule Muyinga, na makapi yalikuwa yamebaki kwangu.