Sahihi za Soko la Kabiria

Mpaka leo nikipita mbele ya lile duka la pombe sokoni kwetu Kabiria, mate hunijaa mdomoni, na si ya hamu. Nayameza kwa sababu tu nililelewa kwa adabu.

Ndugu yangu mdogo ni fundi wa viatu. Kibanda chake ni cha tatu kutoka lango la soko, na hapo ndipo alipojifunza kuishi bila chupa. Alikunywa miaka mingi, tukamwokota mitaroni hadi tukachoka, kisha siku moja akaacha mwenyewe, bila mahubiri ya mtu. Alikuwa na mwaka na nusu hajaonja. Dawa yake, aliniambia, ilikuwa kutokaribia harufu. Akienda nyumbani alizunguka njia ndefu ya nyuma ya kanisa ili asipite kwenye baa za barabarani.

Kwa hiyo tulipoona tangazo kwenye ukuta wa chumba kinachopakana na kibanda chake, kwamba mtu ameomba leseni ya kuuza pombe hapo, nilitamani kulichana. Mwombaji mwenyewe anaishi Karen, mtaa wa matajiri, nyuma ya ua mrefu. Huko kwake hata njugu huwezi kuuza langoni. Ila kwetu, mbele ya akina mama wa mboga na chekechea ng'ambo ya barabara, pombe haina shida.

Mimi ndiye katibu wa soko. Tuliambiwa majirani wana haki ya kupinga, na kwamba kamati ya leseni itakuja kusikiliza maoni yetu katika ukumbi wa kanisa. Nilipita kibanda kwa kibanda nikiwahimiza watu. Walikuja, hata wale wasiofunga biashara isipokuwa kwa mazishi. Ndugu yangu, ambaye hajawahi kusema mbele za watu, alisimama akashika kiti cha mbele yake.

"Hiyo kitu ikifunguliwa hapo kando yangu," akasema, "mimi sitamaliza wiki."

Hakuna aliyecheka. Afisa wa kamati alitikisa kichwa kama mtu aliyeguswa sana. Ndugu yangu akatoka nje, aibu imemshika.

Kabla ya soda kugawiwa, watu wa kamati wakazungusha karatasi. Sisi watu wa mikutano tuna ugonjwa mmoja: tukiona karatasi yenye mistari inapita, tunaandika jina, namba ya kitambulisho na sahihi, kana kwamba asiyeandika hakuja. Ile haikuwa na neno lolote juu. Muuza omena aliuliza ni ya nini. Mimi, na ujuaji wangu, nikamjibu kuwa ni ya mahudhurio, aandike tuonekane wengi. Nilikuwa nimeandika wa kwanza. Kwa vile ndugu yangu alikuwa nje, nikamwandikia na yeye, sahihi na yote, asije akahesabiwa hakuwepo.

Leseni ikatoka. Nilienda mjini, kwenye ofisi ya kamati, nikaomba kuona faili. Karani alinisukumia huku anatafuna chapati. Juu ya karatasi yetu, kwa wino mwingine, mtu alikuwa ameandika: Wakazi wanaounga mkono.

"Si hii ndio sahihi yako, madam?" akaniuliza. "Namba moja."

Nikamwambia huu ni wizi. Akasema nikiwa na malalamiko niandike barua, akajipangusa mafuta kwa kona ya faili. Walinitia kinyaa, yeye na huyo aliyeongeza maneno, lakini kinyaa kikubwa kilikuwa cha mkono wangu mwenyewe. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu alikuja mapema.

Barua tuliandika, na hadi sasa haijajibiwa. Duka likafunguliwa, likajaa chupa ndogo za kuingia mfukoni. Ndugu yangu alivumilia siku nne. Siku ya tano, saa nne asubuhi, nilimkuta ameketi kibandani, viatu vya wateja havijaguswa, macho mekundu, na harufu ile niliyokuwa nimeisahau. Nilimfokea. Nikamkumbusha maneno yake mwenyewe pale ukumbini.

"Kusema nilisema, dada," akanijibu bila hasira. "Kuandika ni wewe uliniandikia."