Mgonjwa Tuliyemdai Shukrani

Kosa ninaloliungama hapa ni kumdai mgonjwa shukrani. Nililitenda nikiwa na sare nyeupe na nia njema, na nia hiyo haipunguzi uzito wake.

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Kitui, Metroni, yaani mkuu wa wauguzi, alinibandika saa kifuani akasema, "Mdomo wa mgonjwa utakudanganya. Mapigo hayadanganyi. Hesabu." Nilihesabu miaka kumi, kisha nikahamishiwa kituo kimoja cha afya karibu na Kikima, chini ya Afisa Tabibu aliyekuwa mpole kwa watu na mkali kwa kadi zao.

Huko nilimpokea Mzee Kimeu, mkulima wa vilima vya Mbooni. Alikuwa amepasuliwa moyo Nairobi akawekewa vali ya chuma, mlango mdogo unaozuia damu kurudi nyuma. Kila siku alipaswa kumeza dawa ya kuzuia damu isigande juu ya chuma hicho. Kama angeiacha, vali ingekwama, naye angekufa.

Mapigo yalikuwa mazuri na kidonda kimefunga. Ila hakuwa akila wala kulala, na macho yake yalikaa ukutani. Nilimkemea: Mungu amekurudishia uhai, nawe unanuna? Afisa Tabibu akamkumbusha waliokufa wakingoja nafasi kama yake. Mzee akajibu kwa adabu kwamba anashukuru. Kwenye kadi nikaandika: anaendelea vizuri.

Mwezi uliofuata hakuja kliniki. Nilimfuata nyumbani, na mkewe akanionyesha vidonge alivyovikuta vimefukiwa jivuni. Mzee hakukana.

"Sista," alisema, "mwethya walikuja kunilimia." Mwethya ni kikundi cha majirani wanaolimiana kwa zamu. "Nilikalishwa kitini kama picha ya marehemu. Wakalima, wakaimba, wakaenda. Nikaona wameshanizoea nikiwa sipo."

Nilianza kumweleza habari za damu kuganda. Mwenyekiti wa mwethya, mama aliyekuwa amekuja kurudisha jembe, alinikatiza. Hakumbembeleza mzee.

"Kimeu, tangu uugue matuta yetu yamepinda, mvua inayabomoa. Jembe hutashika, utatufia shambani. Lakini kamba ya kupimia matuta nani ataishika? Jumanne, kwa mama Nduku. Na ukichelewa faini ni kuku, kama kwa wengine."

Mzee alikwenda. Alishika kamba yenye pimamaji, kifaa cha kuonyesha usawa wa tuta, akabishana na wanawake kutwa nzima juu ya upana wa kidole. Wiki hiyohiyo alikuja mwenyewe kuulizia vidonge vyake. Huzuni haikumtoka kwa siku moja. Zipo siku alirudi kuutazama ukuta. Ila sasa nilivuta kiti, nikamwuliza kinachomsumbua. Na kwenye kadi za wagonjwa nikaongeza mstari: nani anamhitaji? Afisa Tabibu aliusoma mara mbili, asiufute.

Sasa nimestaafu, na vitabu ninavyosoma vinaiita hali ile sonona, ugonjwa unaowafuata wengi baada ya kupasuliwa moyo. Vinaagiza mazungumzo, na pengine dawa. Naafiki, na ningewapeleka wagonjwa kwa wataalamu mapema. Lakini mimi sikufundishwa na kitabu kwamba kumponya mtu bila kumrudishia nafasi yake ni kumwacha nusu njia. Nilifundishwa na mwenyekiti yule mwenye jembe begani, Syombua.