Rangi ya Okidi ya Mwalimu

Habari ilinifikia Jumatatu asubuhi, kando ya barabara kuu, nikibishana na mwendesha pikipiki juu ya njia ya kupita. Aliposikia kwamba naelekea mtaani kwetu Saio, alizima injini akaniambia bila kunitayarisha: "Kule Saio watu wako ku matanga. Ule muzee prof wa maua alikufa jana. Tension ya damu njo ilimukamata." Nilishuka kwenye pikipiki ambayo hata haikuwa imeondoka, nikapanda, nikashuka tena. Wasomaji wangu wa siku nyingi wananijua kuwa si mtu wa kutulia. Hata safu hii naiandika nikiinuka kila baada ya mistari mitatu kwenda kuchungulia dirishani kitu ambacho hakipo. Lakini siku ile miguu yangu ilikuwa na sababu. Marehemu hakuwa ndugu yangu wala rafiki wa kula naye kila siku. Alikuwa jirani tu, mwalimu wa biolojia wa shule ya sekondari, na mtu wa pekee mtaani kwetu aliyetunza okidi nyumbani kama wengine wanavyofuga kuku. Ila kuna neno nilipaswa kumwambia tangu miaka ya vita. Nilikuwa nikiliahirisha kila Jumapili, na sasa amekwenda bila kulisikia.

Kwa asiyezijua, okidi ni mimea inayoota juu ya matawi ya miti huko msituni, ikishika gome kwa mizizi yake bila kuunyonya mti. Mjini kwetu Bunia hazikuwa zikiuzwa dukani. Ziliingia mjini zenyewe, zimeng'ang'ania magogo ya kuni yanayotoka upande wa msitu, na wanawake wauza kuni walizibandua kwa panga na kuzitupa kwa sababu hazishiki moto. Mwalimu alikuwa akiwangojea njiani na kikapu, amevaa koti lake la kufundishia, akiwaomba takataka hizo kwa adabu kana kwamba anaomba mchumba. Walimwita kichaa, lakini walimwekea. Alizipanda katika makopo ya maziwa ya unga yaliyotobolewa kwa msumari, na ndani hakutia udongo bali vipande vya mkaa na magome. Kisha aliiandika kila moja katika daftari: imetoka wapi, jani lake likoje, na siku ilipochanua, ua lake ni la rangi gani. Kulikuwa na ukurasa mmoja uliokuwa na jani tu. Okidi ile ilikuwa imekaa kwake miaka minne bila kuchanua, naye alikuwa akiisubiri kama mtu anayesubiri barua kutoka mbali.

Vita vilipotufikia, alinijia asubuhi moja na kopo lililofungwa ndani ya kitenge cha mkewe. Mke na binti walikuwa wamesimama barabarani, mizigo kichwani.

"Mudogo, siye tunaenda Beni na miguu," alisema. "Zingine nimegawia majirani. Hii njo naachia weye, juu iko karibu kufungua. Angalia."

Niliangalia. Katikati ya majani kulikuwa na kikonyo kipya chenye vitumba vitano, vidogo kama punje za mahindi.

"Prof, mi sijue mambo ya maua."

"Haiko kazi. Mizizi ikiwa nyeupe, unaipatia maji kidogo asubuhi. Ikiwa ya kijani, unaiacha. Usitie udongo. Usiisogeze-sogeze. Ikifungua, angalia tu rangi, nikirudia utaniambia. Nimengojea quatre ans." Akanitazama vidole. "Najua mukono yako haitulie. Basi uiweke mu mufuko."

Kazi yangu, ndugu msomaji, ilikuwa hiyo tu: kuliangalia ua na kukumbuka rangi yake. Sikukimbia na wengine kwa sababu mama yangu alikuwa na mguu mbovu na asingefika hata daraja la kwanza. Tukajifungia ndani. Mchana kutwa tulisikiliza milio kutoka upande wa uwanja wa ndege, tukijaribu kukisia kama inasogea au inarudi nyuma. Nilikuwa karani wa ofisi ambayo haikuwa tena na karatasi wala mkubwa, na mikono yangu ilikosa pa kukaa. Kwa hiyo ikakaa kwenye kopo la mwalimu. Nililitoa dirishani nikaliweka mlangoni, nikalirudisha. Nilimwagia maji asubuhi, nikamwagia adhuhuri kwa sababu jua lilikuwa kali, nikamwagia jioni kwa sababu niliogopa. Mizizi ilikuwa ya kijani siku zote na mimi nikaona hiyo ndiyo afya. Mingine ilikuwa imetoka nje ya kopo, inaning'inia hewani uchi, na jambo hilo lilimkera mama kuliko mimi.

"Hii kitu iko na njaa," alisema. "Ona mifupa yake iko inje."

Sisi ni watu wa ng'ombe, asili yetu ni upande wa Irumu. Kwetu, kitu chochote kinachoota kikidhoofika, iwe mgomba, kahawa au maharage, dawa yake ni samadi, na anayebisha hajalelewa vizuri. Mjomba wangu alikuwa amekimbia na ng'ombe watatu aliobaki nao, amewafunga uani kwetu. Nilichota samadi bado ya moto, nikaichanganya na udongo mweusi, nikaifunika ile mizizi mpaka shingoni, nikamwaga maji juu yake. Nakiri kwamba jioni ile nilijisikia mtu mwema kwa mara ya kwanza tangu vita vianze. Haikupita wiki. Kikonyo kikawa cha manjano, kikalegea, vitumba vikaanguka kimoja kimoja bila kufunguka. Nilipovuta mmea, ulikuja mzima mkononi, mizizi imekuwa uji. Kimoja cha vile vitumba nilikipasua kwa kucha nipate walau kuona rangi. Ndani kulikuwa na kijani tu, kama kabichi. Nikatupa vyote kwenye shimo la takataka.

Baadaye waporaji walipita mtaani, wakachukua mlango wetu, redio, na ng'ombe wote watatu. Naona aibu kusema kwamba katikati ya kilio cha mjomba, sehemu fulani ya moyo wangu ilipumua. Nilikuwa nimepata wa kumsingizia.

Mwalimu alirudi baada ya miezi mingi. Nyumba yake ilikuwa haina bati, na makopo aliyowagawia majirani yalikuwa yamepotea pamoja na majirani wenyewe. Miguu yake ilikuwa imevimba. Hakuuliza habari za bati. Aliuliza: "Ilifungua?" Ningeweza kusema ukweli. Ningeweza hata kusema uongo mdogo, kwamba waliiba kabla haijafungua. Lakini nilimtazama usoni, nikaona mtu ambaye hajabakiwa na kitu, na ulimi wangu ukatangulia.

"Ndiyo, Prof. Ilifungua."

"Rangi?"

"Nyeupe. Na nyekundu kidogo mu koo."

Alikaa chini palepale kwenye jiwe, akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akatoa daftari, lililokwenda Beni na kurudi ndani ya mfuko wa plastiki, akaandika. Nilipomwambia kwamba waporaji walilipiga teke kopo likapotea, alitikisa mkono. "Haina neno. Tulishajua." Miezi michache baadaye aliniletea kopo jingine na kunifundisha upya, kwa subira, jinsi ya kuuacha mmea ujiishie. Leo nina makopo sita barazani, na yote yanachanua. Kila lilipochanua moja nilimwita aje alione, tukanywa chai, na neno lile likanikaa kooni.

Tangu Jumatatu nafikiri jinsi vita vilivyokuwa punda wa mji huu. Vilibeba maovu yake, ambayo ni mengi na ya kutisha, kisha kila mmoja wetu akaongeza mzigo wake mdogo juu yake. Faili imepotea ofisini: vita. Hati ya kiwanja cha mjane haionekani: vita. Na tulikuwa na uongo mwingine, wa huruma. Mama aliyepoteza mwanawe aliambiwa na mpita njia, "Nilimuona kule ngambo ya ziwa, iko muzima." Aliyesema hakumwona mtu. Alitaka tu mama yule ale chakula siku ile. Tukauita uongo huo kutuliza, na hatukufuata kuona unaishia wapi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda zaidi ya miaka ishirini, na katika wiki hii ndipo nilipoona inafika wapi.

Kwenye matanga, chini ya turubai, binti wa marehemu alinijia na mchoraji. Walitaka kuchora ua juu ya msalaba, na si ua lolote. "Tonton, weye njo uliiona na macho," alisema, akiniita mjomba. "Mwambie namna ilikuwa." Watu walikuwa wanatazama. Nikamwambia mchoraji: nyeupe, na nyekundu kidogo kooni. Aliniuliza nyekundu ya namna gani, nikamwonyesha kwenye shati la mtu. Alichora vizuri mno, na pembeni akaongeza jani alilolinakili kutoka daftari la marehemu. Tulimzika mwalimu chini ya ua ambalo halijawahi kuwepo duniani, na mimi nikashika kamba mojawapo ya jeneza.

Siku tatu sikuweza kukaa kwenye kiti. Siku ya nne nilikwenda kwa mjane, nikamkuta anachambua mchele, nikamwambia yote nikiwa nimesimama: maji, samadi, vitumba, rangi niliyoibuni. Hakupiga kelele. Alitupa kokoto moja nje ya ungo, akasema:

"Shemeji, unajua ule mama wa kuni alimuletea ingine? Majani sawasawa na ile. Mara mbili. Mara zote muzee alimwambia, 'Mama, hii wape wengine, siye tunaijua. Ni nyeupe, na nyekundu mu koo.' Akachukua zile hakuzijua." Akaweka ungo chini. "Kama ulimwambia ya kama ilikufa, angeipanda. Angeiona."

Nilidhani nilimpa mwalimu zawadi ndogo siku ile alipokaa kwenye jiwe. Kumbe nilimfungia mlango, na yeye, kwa kuniamini, akapita mbele ya mlango huo mara mbili bila kugonga. Hilo ndilo linaloniuma, zaidi ya samadi, zaidi hata ya msalaba. Mmea niliouua kwa ujinga ungeweza kupatikana tena kwenye gogo lolote. Nilichoua kwa maneno ni hamu yake ya kuutafuta. Na nikiwaza wale akina mama walioambiwa "iko muzima", wakaacha kuuliza, wakaacha kwenda kwenye orodha na kwenye makaburi, najua kwamba sikuwa peke yangu.

Mjane aliingia ndani akatoka na daftari na kalamu. "Andika weye mwenyewe," alisema. Nilikata mstari ule, nikaandika chini yake: haikufunguka, mimi niliiharibu, rangi haijulikani. Nilipomuuliza juu ya msalaba, alinijibu kwamba mkono ulioongopa unajua kushika brashi. Kwa hiyo jana nilipiga magoti kaburini nikalifuta lile ua kwa rangi ya msalaba wenyewe, nikaacha jani lililochorwa pembeni, kwa maana jani nililiona kweli.

Ni jani nene, refu kama kiganja, linatoka moja moja juu ya shina lililovimba kama kitunguu chenye kona nne, na upande wa chini lina wekundu wa damu ya mzee. Wanawake wa kuni nimekwisha kuwaonyesha mchoro wake. Nawe msomaji, ukiwa na kitu cha mwenzako ulichokiharibu, iwe zamani au jana, nenda ukamwambie ungali unamkuta nyumbani. Atakasirika, na ana haki. Lakini atajua kwamba bado kuna kitu cha kutafuta.