Mtaro niliochimba katikati ya nduma za mama

Wakuu, habari zenu. Mjukuu wangu ndiye alinifungulia account hapa, lakini haya naandika kwa kidole changu mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Nimekasirika.

Jana kuna mtu ameweka uzi akishauri watu wafyeke matete, wachimbe mtaro, wapande mikaratusi, eti kinamasi ni shamba lililolala. Likes zimejaa. Wewe kijana, nani amekudanganya?

Hiyo kazi mimi niliifanya. Miaka ya hamsini, kwenye shamba la kahawa la mzungu, kati ya Ruiru na Thika. Nilikuwa na miaka kama kumi na saba.

Bondeni, chini ya kahawa, kulikuwa na chemchemi iliyozungukwa na matete marefu, sisi tuliyaita mathanji. Kisha mafunjo, kisha majani fulani ya maji yenye maua ya manjano, jina nimesahau. Chini ya hayo ndipo kina mama wa kambi ya wafanyakazi walipanda nduma, yaani magimbi.

Kulikuwa na utaratibu. Matete ya kuezekea yalikatwa upande mmoja tu kwa mwaka, na yaliyo kwenye mdomo wa chemchemi hayaguswi na mtu. Ukivuna nduma, unakata kichwa chenye majani unakirudisha kwa tope hapo hapo. Hayo hatukufundishwa na expert yeyote.

Ilikuwa wakati wa hali ya hatari. Hata kwenda sokoni Thika ulihitaji ruhusa. Baba alikuwa kizuizini, na mistari minne ya nduma za mama ndiyo iliyotulisha.

Sasa kitalu cha kahawa kikawa kinakosa maji. Nyapara wetu, mtu wa kwetu kabisa, aliyekuzwa na nduma kama mimi, akamwambia mzungu: "Bwana, hii mathanji ndio inakunywa maji yote. Tuondoe."

Vijana tukapewa majembe. Vigingi vya mtaro vilipita katikati ya mistari ya mama. Ningeweza kusema. Sikusema, kwa sababu nyapara aliniweka mbele ya wenzangu akinisifu, na mimi mjinga nilipenda sifa. Nilikata nduma za mama huku naimba.

Na mnajua kinachoniuma zaidi? Mwanzoni ilifanya kazi! Maji yalishuka kwa nguvu, kitalu kikalowa, nyapara akatembea kifua mbele.

Kiangazi kilichofuata chemchemi ikakauka. Tope likapasuka, ungeweza kuingiza mkono kwenye nyufa. Miche ya kahawa ikafa yote. Na nyapara, bila haya, akasema kina mama ndio walioharibu chemchemi kwa kuchota vibaya. Shenzi kabisa. Hadi leo nikikumbuka napandwa na hasira.

Mama alikuwa ameokoa vichwa sita vya nduma siku ile ya mtaro. Aliviweka kwa karai mlangoni, akivimwagia maji ya kuoshea vyombo. Vikaoza kimoja kimoja.

Mimi nina jina la baba yake, kwa hivyo kila siku aliniita "baba". Kichwa cha mwisho kilipooza, aliniangalia akasema, "Wewe. Ulipofika kwa mistari yangu, hata hukusimama kidogo?"



Baadaye, nilipopata kazi, nilikuwa namletea nduma kutoka sokoni. Alishukuru, akawagawia majirani. Yeye mwenyewe hakuonja tena mpaka tukamzika.

Basi sikieni. Matete hayakunyimi maji, yanakuwekea. Na kabla hujachimba, muulize anayelima hapo, hata kama nyapara anakupigia makofi.

Comments ziko wazi, hata za matusi. Mwenye uzi wa jana, wewe uanze. Ukifika na jembe kwa mistari ya mama wa mtu, utasimama?