Umepiga Kura?

Siku yangu ya kwanza kazini Kitale, metroni, yaani muuguzi mkuu aliyetusimamia, alinisimamisha mlangoni mwa kliniki ya dawa za virusi vya UKIMWI akaniangalia kuanzia kofia hadi viatu. "Sista Rispa," akasema, "hapa wanakuja wanawake wa baa, wanaume wanaopenda wanaume, vijana wa sindano. Ukimkunjia mmoja uso, akarudi nyumbani bila dawa, umemuua wewe. Umesikia?" Nilisikia. Nyinyi wauguzi vijana mnaosoma haya, sikieni pia.

Miaka ikaenda, nikahamishiwa Bungoma. Mratibu wa mradi wa dawa hizo, bwana mpole aliyependa chai kuliko mikutano, hakunipa ofisi. Alinipeleka kwenye nyumba ya kukodi nyuma ya soko, akanikabidhi kwa mama wa makamo aliyevaa buibui. "Huyu Zuhura ndiye bosi wako," akasema. Nilidhani ni mzaha. Wapi!

Zuhura aliishi karibu na msikiti, na ulimi wake ulikuwa wembe. Zamani aliishi kwa kuuza mwili, wala hakuficha. Sasa alikuwa mwelimishaji rika, yaani mtu wa kundi lenyewe anayewafundisha wenzake na kuwafuatilia. Sisi wa hospitali tulizoea kungoja wagonjwa waje. Yeye na kundi lake waliwafuata wenzao vyumbani, saluni, hata matangani, na aliyeshindwa kufika kliniki, mwenzake alimchukulia dawa. Kopo likilia kwa vidonge ndani ya mkoba, walilishindilia pamba watu wasishuku. Nawavulia kofia hadi leo.

Asubuhi moja nikamsikia akimuuliza msichana, "Umekura?" Mimi mzaliwa wa Voi, nikauliza, kura za nini tena? Kumbe ni kula! Kwa watu wengi wa Bungoma, l na r hubadilishana viti bila kuombana ruhusa. Alikuwa anauliza kama msichana amekula dawa. Walinicheka mpaka wakashika mbavu, kisha Zuhura akapiga kofi. "Ngojeni bana! Hiyo si ndiyo yetu?"

Tangu hapo waliulizana sokoni kwa sauti, mbele ya yeyote: "Umepiga kura?" Vidonge vikaitwa kadi. Nani angeshuku? Mkenya na siasa!

Katika kundi alikuwepo Nekesa, mhudumu wa baa, mja mzito. Alikuwa na virusi, na haja yake ilikuwa moja tu: mtoto azaliwe bila virusi hivyo. Nilimweleza kwamba mama akimeza dawa kila siku, wingi wa virusi hushuka, yaani vinabaki vichache sana kwenye damu, na mtoto anakingika. Alimeza bila kukosa. Halafu mama yake akaugua, Nekesa akarudi kwao Malakisi kumuuguza, na simu yake ikazimika. Siku ya kuchukua dawa ikapita. Tumbo lilikuwa kubwa, nami roho juu.

"Vua hiyo yunifomu, sista," Zuhura akaniambia. "Leo wewe ni mwanachama tu."

Tulimkuta Nekesa uani kwao Malakisi na kaka zake, wakifunga majani ya tumbaku. Alipotuona alisimama, macho yakimtoka kwa hofu. Kwao hawakujua lolote. Zuhura akasalimia wote, akauliza habari za mgonjwa, akaketi, kisha akasema kama anayeulizia mvua, "Nekesa, umepiga kura?"

Kaka mkubwa akacheka. "Mama, uchaguzi si uliisha zamani?"

"Wa chama chetu cha akina mama, bana. Nyinyi wanaume mnajua nini?"

Nekesa akainama. "Sijapiga, anti. Kadi iliisha. Nikaogopa kuagiza."

"Ndio nimekuletea," Zuhura akasema, akamkabidhi leso iliyofungwa vizuri. Ndani mlikuwa na kopo, limeshindiliwa pamba. Nekesa akaingia jikoni kutuletea maji ya kunywa. Alipotoka alisema, "Nimepiga," machozi yakimlengalenga. Kaka yake akasema ati hajawahi kuona mtu akililia chama hivyo.

Mtoto alizaliwa, wa kiume. Alipimwa mapema, lakini kupimwa mara moja hakutoshi. Hupimwa tena na tena mpaka aachishwe ziwa, na jibu la mwisho ndilo jibu.

Sasa nimestaafu, nafuga kuku Kitale. Watu hunipa sifa ya kazi ile. Nawaambia, mimi nilishika dawa, walioshikana mikono ni wao. Watu waliotemewa mate mjini walilindana kuliko ndugu wa tumbo moja. Nawapenda, basi.

Jibu la mwisho la yule mtoto lilitoka wiki yangu ya kuaga. Nilitoka nalo chumba cha maabara. Benchi lilijaa watu. Nekesa hakuweza kuinua macho, kwa hiyo aliyeuliza ni Zuhura.

"Sista, kura zimehesabiwa?"

"Zimehesabiwa," nikasema. "Tumeshinda."

Zuhura akapiga kigelegele mpaka karani akachungulia. Mzee mmoja aliyekaa mwisho wa benchi akasogea, masikio wima. "Nani huyo ameshinda? Kiti gani?"

Nekesa akamwinua mwanawe juu, akilia na kucheka. "Huyu, baba. Ni huyu hapa ameshinda."