Shimo la Peke Yetu

Kaka yangu alirudi Ibra, mji wetu huku Oman, kwa Idi Kubwa na kofia ya siasa za Marekani ndani ya begi. Hakuivaa mbele ya mama. Aliiweka juu ya kabati la sebuleni, pale baba alipokuwa akiweka redio yake, na mimi kila nikipita nilikasirika upya.

Ameishi kule zaidi ya nusu ya umri wake, akiuza vipuri vya magari katika mji ambao viwanda vyake vimefungwa kimoja baada ya kingine. Mimi nimesomesha historia hapa hadi nikastaafu, kwa hiyo alipoanza kunieleza habari za watu wake wapya nilimsikiliza. Wazee wa kule, alisema, wanakumbuka ujana wao miji ikiwaka moto, rais akiwadanganya, na vita ikiwarudishia wenzao katika majeneza. Halafu kazi zikahama, mabenki yakaokolewa na wenye nyumba wakatolewa nje, na yalipokuja maradhi yale ya korona wakaamriwa wafunge maduka na makanisa. Ndipo wakasema basi: serikali ikae mbali nasi, mpaka wa nchi ufungwe, kila mtu ashike chake, familia na dini virudi mahali pake. Sikuweza kumbishia yote. Mtu aliyedanganywa mara nyingi ana haki ya kutoamini. Kilichoniuma ni kwamba hao hao wanaotaka mpaka ufungwe ndio wanaomuuliza yeye ametoka wapi, naye hucheka nao.

"Wewe huelewi," aliniambia. "Mie kila nikisikia usawa, usawa, namwona baba anafunga mlango."

Hakumwona. Alizaliwa huku Oman, na Unguja hajaikanyaga hata leo. Alichonacho ni hadithi ya baba, aliyotusimulia kila sikukuu kabla hata hatujanawa mikono: asubuhi ya mapinduzi, waliokuja mlangoni na mapanga walikuwa watu waliokula kwetu Idi. Nasi tuliimeza pamoja na wali.

Kwa sababu ya asubuhi ile, baba hakuwahi kutia nyama yake katika shimo la mtaa. Huku kwetu, Idi inapoingia, majirani hushusha nyama ya shuwa katika shimo moja refu lenye makaa, kila nyumba na mfuko wake wa ukili uliofungwa alama, kisha hulifunika kwa bati na udongo. Nyama hulala humo mpaka iachane na mfupa. Siku ya kufungua, wanaume huitoa mifuko mmoja mmoja na kuita wenyewe. Baba alichimba shimo lake uani. Majirani walimwalika kila mwaka, naye kila mwaka alisema inshallah, na wote walijua maana yake.

Baba amekufa. Mwaka huu jirani yetu, mwanamke wa Kiarabu aliyetuuguzia baba, alikuja akamwambia mama, "Yumma, mama yangu, mfuko wako uje kwetu safari hii." Mama alikubali kabla jirani hajamaliza. Aliipaka nyama thomu, bizari na siki kwa mikono yake mwenyewe, akashona juu ya mfuko kipande cha kanga yake ya zamani kiwe alama.

"Nimezeekea hapa, mwanangu, na bado mgeni," aliniambia. "Nataka nami niitwe pale shimoni, hata mara moja."

Kaka alisema nyama yetu haiingii shimo la watu. Nilimwambia ni matakwa ya mama, akasema ni nyumba ya baba. Mama akauweka mfuko chini. Kwetu baba akiondoka neno ni la mtoto mkubwa wa kiume, na mama ndiye aliyetulea hivyo. Kaka akalifukua shimo la uani, akawasha moto, akakibandua kile kipande cha kanga.

"Mfuko mmoja tu huu. Alama ya nini?"

Asubuhi yake jirani aligonga. Aliona moshi unapanda kutoka uani kwetu, maana yake shimo linavuta hewa na nyama inaungua. Alisema wanawe watakuja na udongo walizibe. Kaka alimjibu bila kufungua mlango kwamba kila kitu ni sawa, anamshukuru. Kisha akanigeukia.

"Wamejuaje? Wanatuchungulia. Huanza hivyo, wanakuja kukusaidia."

Nilibeba ndoo ya udongo nizibe mwenyewe, akanipokonya.

Tulipofungua, mfuko ulikuwa umeteketea na nyama imekuwa makaa. Kaka aliinama akaitazama, uso umejaa masizi.

"Angalau ni yetu," alisema. "Hakuna aliyeigusa."

Nilimchukia saa ile, na sijui kama chuki ile imeniisha. Mama aliniomba nimshike mkono, tukatoka mpaka kwenye shimo la mtaa, ambako walikuwa ndio wanafungua. Jirani alimletea kiti. Mifuko ilitoka ikifuka moshi, alama ikatazamwa, nyumba ikaitwa, watu wakaitika na kucheka. Mama alikaa na kile kipande cha kanga kiganjani, akiinua uso kila jina lilipoitwa. Alikaa hivyo mpaka shimo likawa tupu.

Jirani akamjazia sinia. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akanipa nibebe.

"Twende," alisema. "Kaka'ko hajala."