Pomboo Mezani kwa Baba, Mhezi

Watu wakiniuliza nilijifunzia wapi kutambua pomboo, huwa nataja chuo. Ni kweli, ila kuna mwezi mmoja nilijifunza kazi hiyo nyumbani kwetu Mhezi, juu milimani Upare, kwa mtu ambaye hakuwahi kuiona bahari.

Mwaka ule msimu wetu wa baharini uliisha mvua zilipoanza. Tulikuwa tumezunguka na boti kusini mwa Unguja kwa miezi, tukipiga picha mapezi ya mgongoni ya pomboo. Kila pezi lina mikato yake kwenye ukingo wa nyuma: mmoja wa meno ya papa, mwingine wa nyavu, mwingine wa pangaboi la boti. Ukilinganisha picha kwa makini unaweza kumfuata pomboo mmoja kwa miaka, ukajua anatembea na nani, amezaa lini, ameacha kuonekana lini. Kulinganisha ndiko kulikokuwa kazi yangu. Mwalimu wangu, mwanamke aliyeongoza utafiti, alijua umeme wa kwetu haukai mvua ikinyesha, akanichapishia picha zote zikajaa bahasha kubwa.

Nilishuka Same asubuhi nikapanda gari la mlimani. Utelezi ulilishinda kabla ya kufika Chome, nikamalizia kwa miguu, bahasha nimeizungushia nailoni. Baba alinikuta mlangoni nikijikung'uta matope.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Huko baharini hawali?"

Mama alikuwa ametutoka miaka miwili nyuma, na baba aliishi na mbuzi wake tu. Alipika makande mwenyewe, chumvi nyingi mno, nami nikamaliza sahani.

Kesho yake nilimwaga picha mezani. Baba alirudi kutoka kukata majani, akasimama nyuma yangu, panga bado mkononi.

"Hawa nani amewakata masikio?"

Nilicheka hadi nikapaliwa na chai. Kisha nikamweleza kuwa si masikio, ni mapezi, na kwamba hakuna aliyewakata kwa kutaka. Niliposema habari za pangaboi, hakucheka. Alivuta kiti.

Lakini nilielewa kwa nini aliuliza vile. Kwetu mbuzi hukatwa sikio ili mwenyewe amjue, na baba ndiye aliyekuwa akiitwa kuamua mbuzi wa watu wakichanganyika. Alitazama sikio, akataja mwenye mbuzi, na mabishano yakaisha. Basi kila mchana mvua ilipomfungia ndani, alikaa mezani nami. Hakutumia namba nilizowapa pomboo. Huyu alikuwa "aliyeng'atwa", yule "msumeno", mwingine "mkorofi", sijui kwa nini.

Wiki ya pili tukagombana. Nilikuwa na pomboo jike mwenye mikato miwili midogo, ambaye hakuonekana msimu mzima. Kwenye orodha nilishamwandika kuwa amepotea, na moyoni nilijua maana yake ni amekufa. Baba alichukua picha yake, akaiweka kando ya picha ya pomboo mwingine, mgeni, mwenye pengo moja kubwa.

"Huyu ni yuleyule."

"Hapana baba. Yule ana mikato miwili, huyu ana mmoja."

"Nyama ya katikati imenyofoka. Mikato miwili ikawa mmoja. Mbuzi akinasa sikio kwenye miiba huwa hivyohivyo."

"Hawa si mbuzi."

Nilisema hivyo kwa ukali, kama mtu aliyesoma. Baba aliweka picha chini taratibu, akavaa koti lake la mvua, akaenda zizini.

Asubuhi niliziangalia tena zile picha. Chini ya pezi, kwenye ubavu, wote wawili walikuwa na kovu jembamba lililopinda mahali pamoja. Sikuwa nimelitazama hata mara moja. Macho yangu yalikuwa kwenye ukingo tu. Nikapanda kilimani hadi panaposhika mtandao, nikampigia mwalimu. Aliniambia nisubiri. Nilisimama kwenye ukungu unaoshuka kutoka msitu wa Shengena, nguo zikiloa, mpaka simu ikalia kwamba kuna picha imeingia. Ilikuwa imepigwa na mwenzetu katikati ya misimu miwili na haikuwahi kupangwa. Pomboo alikuwa yuleyule, na kipande cha nyama baina ya mikato miwili kikining'inia, hakijadondoka bado. Mwalimu alikuwa ameandika, "Yu hai. Na kwenye picha zako za mwisho ana mtoto ubavuni."

Nilishuka mbio, nikaanguka mara moja. Baba alikuwa anamenya ndizi, nyingine zikiwa tayari motoni.

"Baba, nisamehe. Ni yuleyule."

"Nilikwambia."

"Tena amezaa."

Hapo ndipo alipoacha kisu. "Amezaa? Na lile jeraha?" Akaitaka picha, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akakaa nayo muda mrefu. Ndizi zikaungua jikoni.

Nilimwalika aje kuwaona. Mara ya kwanza barabara iliporomoka, mara ya pili mbuzi alikuwa karibu kuzaa, naye hakutaka kumwachia mtu. Mwaka uliofuata akaugua, na hatukufika tena kwenye kupanga safari. Siku hizi kompyuta inalinganisha mapezi kwa muda wa kunywa chai, na inafanya vizuri. Ninachokikosa ni ule uvivu wa mchana wa mvua, mwenzangu akivuta picha karibu na pua.

Tulipomaliza kumzika baba, jirani mmoja mzee alinifuata pembeni, akanipa pole, kisha akashusha sauti.

"Mwanangu, nikuulize. Ni kweli baba yako aliajiriwa kuhesabu samaki huko baharini? Alituambia kanisani, sisi tukaona anatutania."

Nilimwambia ni kweli alifanya kazi hiyo, na aliifanya vizuri kuliko mimi.

Mzee akatikisa kichwa. "Basi ndiyo maana. Kila tukisema samaki, alikuwa anakasirika. Anatuambia hao wananyonyesha."